Usalama na afya viwandani Bujumbura: mambo ya kujua kwa wanaopakia na kushusha mizigo

Gasenyi inayozungumzwa hapa si ile ya mpakani, Gasenyi/Nemba, inayojulikana na wasafirishaji wa Kirundo na Bugesera. Ni mtaa wa kaskazini mashariki mwa Bujumbura, upande wa Gihosha, kwenye miinuko ambako Ikulu iliyojengwa kwa msaada wa China ilikamilika mwaka 2019. Gasenyi hakuna viwanda vikubwa. Viwanda viko chini, Quartier Industriel, yaani mtaa wa viwanda, na kuelekea Buterere. Lakini ni katika vitongoji vya miinuko na vya kaskazini kama hivi ambako hutoka watu wanaoshuka alfajiri kutafuta kibarua cha siku: kubeba mifuko, kuosha chupa, kupanga kreti, kushona magunia. Hao ndio wanaopanda juu ya tela lori linapofika kiwandani, na mara nyingi hawamo katika orodha ya wafanyakazi wa kiwanda wala ya mwenye lori.

Hapo ndipo lilipo tatizo ambalo mfanyabiashara hulikuta ghafla. Kibarua akianguka kutoka juu ya shehena na kuvunjika nyonga, kiwanda husema aliletwa na dereva. Dereva husema alimkuta getini. Mwenye mzigo yuko Kigoma au Uvira na hajui lolote mpaka simu ipigwe kwamba lori limezuiliwa. Siku mbili za lori kusimama zinaweza kumaliza faida ya safari nzima, na mtu aliyeumia bado hajapata wa kumlipia hospitali.

Sheria inasemaje Burundi

Sheria kuu ya kazi nchini Burundi ni Kanuni ya Kazi ya tarehe 24 Novemba 2020, Sheria Na. 1/11, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1993. Mwaka huohuo, mwezi Mei, ilitoka pia Sheria Na. 1/12 ya ulinzi wa jamii. Kwa mwenye kiwanda sheria hizi maana yake ni mambo mawili. La kwanza, mwajiri ndiye mwenye wajibu wa kuweka mahali pa kazi salama na kutoa vifaa vya kujikinga, na ukaguzi hufanywa na wakaguzi wa kazi wa serikali. La pili, mfanyakazi aliyeandikishwa katika mfuko wa hifadhi ya jamii, INSS, ulioanzishwa mwaka 1962, ana haki ya matibabu na mafao akiumia kazini au akipata ugonjwa unaotokana na kazi. Mchango wa fungu hilo la ajali za kazini hutolewa na mwajiri peke yake. Haukatwi katika mshahara.

Jambo ambalo wasafirishaji wengi kutoka Tanzania na Kenya hawalijui ni kwamba katika mfumo wa Burundi, ulioridhi mengi kutoka sheria za Kibelgiji na Kifaransa, ajali inayompata mfanyakazi akiwa njiani kati ya nyumbani na kazini nayo huhesabiwa kuwa ajali ya kazi. Mtu aliyegongwa akishuka kutoka Gasenyi kwenda zamu ya asubuhi anaweza kuwa na madai sawa na aliyekatwa na mashine, ilimradi ameandikishwa.

Neno zito hapa ni "ameandikishwa". Kibarua wa siku asiyetangazwa INSS hana mfuko wa kumlipa, na madai yake yote humwangukia aliyemwita kazini. Kwa sababu hiyo makubaliano ya nani anatoa wapakiaji yanatakiwa kuandikwa kabla lori halijaingia getini, katika hati ya mzigo au hata katika barua fupi yenye sahihi mbili. Maneno yatoshayo ni mstari mmoja: wapakiaji ni wa kiwanda, au ni wa msafirishaji. Ni mstari unaoonekana mdogo, na ndio unaoulizwa kwanza siku ya ajali.

Nchi jirani zina mifumo yake. Kenya ina sheria mbili za mwaka 2007: moja ya usalama na afya kazini, nyingine ya fidia kwa wanaoumia kazini. Ya kwanza inataka kila mahali pa kazi penye watu 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama, na ukaguzi wa usalama ufanywe kila mwaka. Kifo kazini hutakiwa kuripotiwa ndani ya saa 24. Ya pili inaweka fidia ya kifo au ulemavu kamili wa kudumu kuwa sawa na mapato ya miezi 96, yaani miaka 8. Tanzania ina Sheria Na. 5 ya mwaka 2003 inayosimamiwa na OSHA, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, uliotokana na sheria ya mwaka 2008. Mchango wa sekta binafsi katika mfuko huo ulikuwa asilimia 1 ya mishahara, ukashushwa hadi 0.6 mwaka 2021 na 0.5 mwaka uliofuata. Uganda ina sheria ya usalama kazini ya mwaka 2006. Rwanda, RSSB hutoza mwajiri asilimia 2 kwa ajili ya ajali za kazini, na Kongo, CNSS hutoza asilimia 1.5.

Mwenye malori yanayovuka Kobero, Manyovu na Gatumba hufanya vyema kuwaandikisha madereva na utingo katika nchi moja kwa ukamilifu kuliko kuwaacha nusunusu katika nchi tatu. Kadi ya uanachama ya dereva, au nakala yake, isafiri pamoja na hati za gari.

Uwanja wa kupakia ndipo watu huumia

Msafirishaji akisikia "usalama kiwandani" hufikiria mashine zenye meno. Lakini yeye na watu wake hawafiki kwenye mashine. Wao wanafika uwanjani na kwenye mlango wa ghala, na huko hatari ni tatu za kawaida kabisa: lori linalorudi nyuma, mtu aliye juu, na uzito.

Lori linaporudi nyuma dereva haoni kilicho nyuma ya tela. Kawaida ya Bujumbura, kama ilivyo Kariakoo au Gikomba, ni utingo kupiga bodi kwa kiganja na kupaza sauti. Katika uwanja wenye jenereta inayonguruma sauti hiyo haisikiki. Utaratibu unaofaa ni mtu mmoja tu wa kuongoza, asimame pembeni ambapo dereva anamwona kwenye kioo, na dereva akimpoteza machoni asimamishe gari papo hapo. Wakiwa wawili wanaoongoza ni sawa na hakuna. Gari likishasimama, injini izimwe, breki ya mkono ivutwe, na kigingi au jiwe liwekwe chini ya gurudumu kabla mtu hajapanda. Ufunguo akae nao dereva mwenyewe, au bora zaidi uachwe kwa mwenye ghala mpaka upakiaji uishe, kwa kuwa ziko ajali zilizotokea kwa sababu dereva aliambiwa "sogea kidogo mbele" wakati watu wawili wako kwenye ubao kati ya tela na ghala.

Kufunga turubai ni kazi nyingine inayopuuzwa. Mtu hutembea juu ya magunia yaliyopangwa mita tatu au nne kutoka ardhini, akivuta kamba kwa nguvu akiwa amegeuza mgongo ukingoni. Kamba ikikatika huanguka kichalichali. Viwanda vinavyojali huweka jukwaa au kamba ya juu ya kujifungia mkanda. Pasipokuwa na vitu hivyo, kamba ivutwe mtu akiwa chini, na ikaguliwe kabla. Kamba iliyochakaa ni bei ndogo mno ikilinganishwa na nyonga.

Halafu kuna uzito. Shirika la Kazi Duniani, ILO, lilipitisha mwaka 1967 Mkataba Na. 127 kuhusu mzigo unaobebwa na mtu mmoja, na Pendekezo Na. 128 linaloambatana nao limetaja kilo 55 kuwa kikomo kwa mwanamume mzima, huku mwanamke akitakiwa kubeba pungufu kwa kiasi kikubwa. Mfuko wa saruji wa kilo 50 uko chini ya kikomo hicho. Gunia la kahawa ya kusafirishwa, kilo 60, limepita. Gunia la maharage au mahindi la kilo 100 limepita karibu maradufu, na lumbesa, lile gunia lililoshonewa kichwa ambalo sheria ya vipimo Tanzania imelipiga vita miaka mingi, si la kuzungumzia. Pendekezo si sheria ya kumfunga mtu, lakini linaeleza kwa nini mgongo wa mpakiaji wa kahawa huwa umekwisha akiwa na miaka 40. Kwa mfanyabiashara anayeagiza vifungashio, kuchagua mfuko wa kilo 50 au 25 badala ya 100 ni uamuzi wa usalama ambao hauhitaji mhandisi. Kwa gunia la kilo 60, watu wawili wainue na mmoja apokee begani, au kitumike kitoroli.

Kontena lina mambo yake. Milango ikifunguliwa, shehena iliyosogea njiani humwangukia anayefungua, kwa hiyo mlango wa kulia ufunguliwe kwanza kidogo, mtu akiwa nyuma ya mlango na si mbele yake. Jambo la pili ni gesi. Kontena za nafaka, tumbaku na kahawa mara nyingi hufukizwa dawa ya wadudu ya vidonge, inayojulikana madukani kwa jina la Phostoxin, ambayo hutoa gesi ya fosfini. Gesi hiyo huua. Kwa kawaida kontena lililofukizwa hubandikwa tangazo lenye alama ya fuvu na tarehe ya kufukizwa. Tangazo likiwepo, au kukiwa na harufu ya kitunguu saumu au samaki aliyeoza, milango iachwe wazi kwa muda mrefu na mtu asiingie mpaka mwenye ujuzi athibitishe kwamba gesi imekwisha. Kutosikia harufu si uthibitisho. Utingo wasilale ndani ya kontena wala juu ya shehena iliyofukizwa, hata mvua ikinyesha.

Kemikali zinazokuja na lori

Bujumbura ina viwanda vya bia na vinywaji baridi, Brarudi ikiwa hapo tangu 1955, viwanda vya sabuni na mafuta kama Savonor, vya mabati, rangi, plastiki na magodoro. Saruji hutoka Cibitoke. Malighafi nyingi huja kwa barabara kutoka bandari ya Dar es Salaam, na sehemu yake ni kemikali ambazo dereva hajui amebeba nini zaidi ya neno lililo kwenye karatasi.

Mfano ni kostiki soda, ambayo bila hiyo hakuna sabuni. Husafirishwa kama chembe nyeupe katika mifuko au kama maji mazito katika mapipa. Katika orodha ya Umoja wa Mataifa ya bidhaa hatari iko daraja la 8, vitu vinavyobabua: namba 1823 ikiwa kavu, 1824 ikiwa ya maji. Ikigusa ngozi yenye jasho huanza kuila taratibu, na mtu anaweza asihisi maumivu dakika za kwanza. Ikiingia jichoni, upofu uko karibu. Tiba ya kwanza ni maji mengi ya kutiririka kwa dakika 15 hadi 20 bila kukatisha, nguo zikivuliwa. Si siki, si maziwa, si mafuta. Kwa hiyo lori lililobeba kostiki soda linatakiwa kuwa na dumu la maji safi la kutosha, si chupa ya kunywa ya dereva. Wakati wa kuichanganya kiwandani, soda ndiyo hutiwa ndani ya maji kidogo kidogo. Maji yakimwagwa juu ya soda huchemka ghafla na kurukia uso wa anayemwaga.

Mfuko uliopasuka usifagiliwe kwa mikono mitupu wala kuoshewa barabarani mvua ikinyesha. Bujumbura iko kwenye mteremko kati ya milima na Ziwa Tanganyika, na kila kinachomwagika juu huishia chini. Usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Februari 2014, maji yaliyoshuka kutoka milimani yaliua watu zaidi ya 60 katika vitongoji vya kaskazini mwa jiji na kubomoa nyumba nyingi. Ghala la kemikali lililo katika uwanda wa chini linatakiwa kupanga mapipa juu ya mbao au zege iliyoinuliwa, na vitu vinavyopambana vikiguswa pamoja, kama asidi na klorini, vitenganishwe. Mafuriko ya ziwa na ya Mto Rusizi upande wa Gatumba katika miaka ya 2020 hadi 2024 yameonyesha kwamba jambo hilo linaweza kujirudia.

Mzigo mwingine wa kuangaliwa ni betri chakavu. Biashara ya kuzikusanya na kuzivusha mpaka imekua kila mahali Afrika Mashariki, kwa sababu risasi iliyomo ndani ina soko. Kilichotokea Owino Uhuru, Mombasa, kinajulikana. Kiwanda cha kuyeyusha betri kilianza kazi mwaka 2007 ukutani mwa makazi ya watu, na kabla ya kufungwa mwaka 2014 wafanyakazi na watoto wa jirani walikuwa wamekutwa na sumu ya risasi katika damu. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho na ambaye mtoto wake aliugua, aliongoza madai na kupata Tuzo ya Goldman mwaka 2015. Julai 2020 mahakama ya mazingira Mombasa iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Mahakama ya Rufani ikatengua mwaka 2023, na Mahakama ya Juu ikarudisha malipo hayo Desemba 2024. Msafirishaji wa betri hachomi risasi, lakini asidi inayovuja kwenye bodi ya lori hubaki pale, na safari inayofuata bodi hiyohiyo hupakiwa unga. Betri zisafirishwe zikiwa zimesimama, juu ya karatasi nzito ya plastiki, na bodi ioshwe kabla ya kupakia chakula.

Vumbi, ugonjwa usio na kelele

Ajali huonekana. Vumbi huchukua miaka. ILO katika makadirio yake ya mwaka 2023 ilisema karibu watu milioni 3 hufa kila mwaka duniani kutokana na kazi, na kati yao wanaokufa kwa ajali ni kama 330,000 tu. Wengine wote, milioni 2.6, huuawa na magonjwa ya kazini, magonjwa ya moyo na mishipa ya damu, saratani na magonjwa ya mapafu yakiwa mbele.

Kwa Burundi vumbi la kwanza la kuzungumzia ni la kahawa. Katika viwanda vya kukoboa, ganda kavu huvunjwa na kupepetwa, na chumba hujaa vumbi la kahawia lenye mabaki ya vijidudu na ukungu. Utafiti uliofanywa katika viwanda vya kahawa vya Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 2010 ulikuta wafanyakazi wake wakilalamikia kikohozi na dalili kama za pumu kuliko wafanyakazi wa viwanda visivyo na vumbi hilo. Sehemu mbaya ni pale gunia linapomwagwa kwa mkono katika mdomo wa mashine, na ndiyo kazi anayopewa kibarua. Saruji nayo ilichunguzwa katika kiwanda kimoja cha Dar es Salaam, na sehemu ya kufungasha ilikuwa miongoni mwa zenye vumbi jingi, na waliofanya kazi ndani ya vumbi miaka mingi walikuwa na mapafu dhaifu zaidi. Ni sehemu hiyohiyo ambako malori husubiri.

Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii vumbi laini. Barakoa ya karatasi ya upasuaji nayo haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Ile inayofaa ina alama ya FFP2 au N95, nayo ikilowa jasho au kuziba hubadilishwa. Lakini barakoa ni hatua ya mwisho. Wataalamu wa usalama huanza na kuondoa hatari yenyewe, kisha kuibadilisha kwa kitu chenye nafuu, kisha kuzuia kwa kifaa kama kifuniko cha mashine au feni ya kuvuta vumbi, kisha kupanga zamu fupi, na baada ya hayo yote ndipo huja glavu, buti na barakoa. Viwanda vingi huanza na mwisho kwa sababu ndio rahisi kununua. Dereva anayesubiri saa sita karibu na mdomo wa mashine ya saruji hahitaji barakoa. Anahitaji kuegesha mbali, upande ambako upepo unatokea.

Ndani ya tangi

Hapa hakuna nafasi ya kufanya mzaha. Tangi la kuchachushia bia, tangi la molasi, tangi la mafuta ya mawese, shimo la maji taka, na tangi la lori lenyewe, vyote vina sifa moja: hewa ya ndani inaweza isiwe hewa. Bia ikichachuka hutoa kaboni dioksidi, ambayo ni nzito kuliko hewa na hukaa chini. Molasi na mawese yaliyooza hufanya hivyohivyo. Chuma kinachopata kutu hula oksijeni. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 21. Ikishuka chini ya 19.5 ni hatari, na ikishuka sana mtu huzimia baada ya pumzi chache bila kusikia dalili yoyote.

Kinachoongeza vifo ni huruma. Wa kwanza akianguka, mwenzake humfuata kumwokoa naye huanguka juu yake, na wa tatu vivyo hivyo. Utaratibu hauhitaji elimu kubwa: asiingie mtu katika tangi ambalo halijapulizwa hewa na kupimwa kwa kifaa, aingiaye afungwe kamba ya kumvuta, na mtu wa pili abaki mdomoni mwa tangi muda wote, haruhusiwi kuingia kwa sababu yoyote. Asiyekuwa na kifaa cha kupimia aoshe tangi kwa nje, kwa mpira wa maji wenye shinikizo. Kazi ya kuosha matangi ya malori mara nyingi hupewa vijana kando ya barabara kwa malipo kidogo, na mwenye tangi asiyeuliza wanaliosha vipi hujiweka katika hatari ya kesi.

Kwa matangi ya petroli lipo jambo la pili, mlipuko. Tangi tupu lenye mvuke ni hatari kuliko lililojaa, na mchomeleaji asiliguse kabla halijasafishwa na kupimwa.

Umeme unaokatika

Umeme wa REGIDESO hukatika, na wenye viwanda wamezoea. Walichozoea pia, bila kukipima, ni ule wakati unaporudi. Fundi aliyeingiza mkono kutoa kitambaa kilichonasa wakati mashine imezimika anaweza kukutwa na umeme umerejea, na mashine ikaanza yenyewe. Dawa yake ni swichi ambayo haiwaki mpaka ibonyezwe upya, na kufuli. Fundi huzima swichi kuu, huifunga kwa kufuli lake mwenyewe, na ufunguo huuweka mfukoni. Mafundi watatu, makufuli matatu. Kufuli la kawaida la dukani linatosha.

Jenereta isiwekwe ndani ya chumba wala karibu na dirisha, kwa sababu moshi wake una kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu. Na kwa kuwa uhaba wa mafuta uliolikumba taifa katika miaka ya karibuni umewafanya watu kuweka akiba ya petroli katika madumu, karakana nyingi za uchomeleaji zimegeuka maghala ya moto. Petroli isiwekwe katika chumba kimoja na kazi ya kuchomelea, wala chini ya kitanda cha dereva katika kabini.

Moto

Wafanyabiashara wa Bujumbura hawahitaji kukumbushwa tarehe 27 Januari 2013, soko kuu lilipoteketea kwa siku moja pamoja na mitaji ya maelfu ya watu. Kwenye barabara ya Uvira kwenda Bukavu, huko Sange, lori la mafuta lilipinduka tarehe 2 Julai 2010 na watu zaidi ya 230 walikufa, wengi wakiwa wamekusanyika jirani kutazama mechi ya Kombe la Dunia na wengine wakichota mafuta yaliyomwagika. Morogoro, Agosti 2019, ilikuwa habari ileile, na vifo vikapita 100. Dereva wa lori la mafuta lililopinduka ana kazi moja kabla ya nyingine zote: kuzima injini na kuwaondoa watu, hata kwa kupiga kelele za uongo kwamba linalipuka.

Kiwandani, mlango wa dharura uliofungwa kwa mnyororo ili kuzuia wizi umeua watu wengi katika viwanda vya nguo huko Asia. Wizi uzuiwe getini. Mitungi ya kuzimia moto ikaguliwe tarehe yake, na lori lisiegeshwe likiziba njia ya gari la zimamoto, kosa ambalo wasafirishaji hulifanya kila siku kwa sababu ndipo penye kivuli.

Daftari na kamati

Usimamizi wa yote haya hauhitaji cheti cha ISO 45001, kiwango cha kimataifa cha mwaka 2018 kilichochukua nafasi ya OHSAS 18001, ingawa mnunuzi wa Ulaya huenda akakiulizia. Unahitaji daftari. Kila ajali iandikwe, na kila ajali iliyokosa kutokea pia: gunia lililodondoka pembeni mwa mtu, lori lililosimama sentimita chache kutoka ukutani. Kiwanda kinachoandika hizo za pili huona mahali pabaya kabla ya mtu kuumia. Kamati ya usalama iwe na wapakiaji wenyewe ndani yake na ikutane kila mwezi, hata nusu saa. Anayejua ubao gani umeoza ni yule anayeukanyaga.

Ajali ikitokea, cha kwanza ni mgonjwa kufikishwa hospitali, na gharama zisiwe sababu ya kumchelewesha. Kisha eneo liachwe lilivyo, zipigwe picha, na waandikwe waliokuwepo, kwa majina na simu zao. Mwajiri atoe taarifa kwa mkaguzi wa kazi na INSS bila kungoja. Dereva wa kigeni asisaini karatasi ya lugha asiyoielewa. Hati nyingi Bujumbura huandikwa kwa Kifaransa au Kirundi, na ana haki ya kuomba mtu wa kumsomea kwa Kiswahili. Apige simu kwa mwenye gari, abaki na nakala ya hati ya mzigo yenye ule mstari kuhusu wapakiaji, na aeleze alichokiona tu, si alichosimuliwa.